Ndege Iliyochungulia Migori

Jumatatu ni siku ya fujo mjini Migori. Akina mama wa dagaa omena kutoka Karungu hugombania kivuli na akina mama wa ndizi kutoka Kisii, makanga huvuta abiria mikono mpaka mtu ajikute ndani ya gari asilolijua, na kinyozi wa ng'ambo ya barabara hupandisha redio yake hata mtu asijisikie akifikiri. Katikati ya kelele hizo, mlango wake ukitazama steji, ndipo iliposimama saluni ya Nyatichi.

Nyatichi alikuwa mwembamba wa kiuno na mwepesi wa ulimi. Siku hiyo alivaa gauni la kitenge cha manjano, na chanuo amekichomeka kwenye nywele zake mwenyewe kama bendera ya nchi ndogo. Alizaliwa Changamwe, baba yake alipokuwa akifanya kazi bandarini Mombasa, na familia iliporudi bara alirudi na Kiswahili cha pwani kisichotaka mchezo. Wateja wake walikuwa wakikosea maneno makusudi ili wapate kusahihishwa.

Basi mlangoni pakatokea kijana mrefu. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi hadi likakakamaa, begani alining'iniza mkoba wa vyuma, na dredi zake zilimfika mabegani, nzito, zikiwa hazijaguswa na mkono wa fundi kwa muda mrefu.

"Samahani madam," akasema. "Nasuka hapa?"

Nyatichi alimtazama kichwa. Akakitazama tena. Jibu lilikuwa wazi.

"Kwa hali hiyo, usiende mbele hata hatua moja. Ni hapa. Keti basi."

"Niketi?"

"Kwani huko kwenu mnasuka mkiwa mmesimama?"

Kijana akaketi. Mwanamke mzuri akimwambia mwanamume keti, mwanamume huketi kwanza, maswali baadaye. Nyatichi alikuwa ameshatia vidole kwenye dredi na kuanza kuzitenganisha ndipo yule kijana alipojikohoza.

"Madam, sida ni kwamba mimi nimesuka kwa gari."

"Umesuka kwa gari?"

"Eeh. Makanga ndiye amenisusa. Sasa nauliza kama nimesuka mahali sawa, kwa sababu natafuta hoteli moja hapa, friji yao imekufa."

Vidole vya Nyatichi vikasimama. Kisha akaelewa, na alipoelewa alicheka mpaka chanuo kikamtoka kichwani. "Kushuka! Wewe umeshuka, makanga amekushusha!"

"Si ndiyo nimesema? Nimesuka."

Jina lake lilikuwa Fanuel, fundi wa friji wa Homa Bay, anayewatengenezea wauza samaki majokofu yao kule ufukweni. Friji ya hoteli ilimngoja mpaka alasiri, na nyama iliyokuwa ndani yake ilishatoa maoni yake mtaa mzima. Fanuel hakujali. Aliondoka saluni kichwa kikinukia mafuta ya nazi na namba ya simu mfukoni.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kabla ya msimu wa mvua kuisha, mji mzima ulijua kwamba friji za Migori zimeanza kuharibika ovyo, na kwamba fundi haziponyi mpaka apite saluni kwanza.

"Nyar Kisii," angepiga simu jioni, "umekula?"

"Nimekula. Na usiniite binti wa Kisii kama mtu anayesoma kitambulisho changu. Niite jina."

"Jaherana. Mpenzi wangu."

"Hilo sasa ni jina." Nyatichi alikuwa akitabasamu peke yake gizani, na hakuona haya.

Kichwa cha Fanuel kikawa mali yake. Kila alipomaliza kumsokota, aliifunga dredi moja nyuma ya sikio la kushoto kwa uzi mweusi, fundo dogo alilolibuni mwenyewe, lisilofungwa na msusi mwingine yeyote. "Hiki kichwa ni chako," Fanuel alimwapia. "Siku mwingine atakigusa, nipige teke hadharani." Nyatichi alilichukua neno hilo kama kiapo cha kanisani.

Kilichobaki kilikuwa kile kiapo chenyewe cha kanisani, na hapo palikuwa na mlima. Mlima huo uliitwa Mama Nyanchoka.

Mama yake Nyatichi alikuwa mjane, Msabato wa safu ya mbele, mwenye nyumba yake ya mabati mekundu karibu na kiwanja cha ndege cha Migori. Hakuwa na neno na Wajaluo. Neno lake lilikuwa moja tu: umbali.

"Mimi niliolewa nikapelekwa Mombasa," alimwambia binti yake. "Mama yangu alipofariki, niliambiwa siku ileile. Nikapanda gari, nikapanda lingine, likaharibika, nikapanda la tatu. Nilifika nikakuta kaburi limeshafunikwa. Nikasalimia udongo, Nyatichi. Sitaki mtoto wangu aje kusalimia udongo."

"Lakini mama, Homa Bay si Mombasa."

"Kuna maji makubwa?"

"Kuna ziwa."

"Basi ni mbali."

Nyatichi aliona njia ni Fanuel azungumze naye mwenyewe, ila kwanza ulimi wake unyooshwe. Jioni zote za miezi miwili zikawa za darasa kwenye simu. "Sema: shati la shemeji limeshikwa na shoka." Fanuel alisema, akakosea, akasema tena, mpaka siku moja akaipata ile *sh*, na tangu hapo haikumtoka. Shida yake ikawa kwamba hakujua aiache wapi. Alikunywa chai yenye shukari, akaoga kwa shabuni, na wiki yake ikaishia Jumamoshi. Lakini "nashuka" ilikuwa "nashuka" safi, ya kutunukiwa cheti, na Nyatichi alijivunia kazi yake.

Hatimaye akampa mama simu.

"Shikamoo mama. Habari ya Shabato?"

Mama Nyanchoka aliitoa simu sikioni akaitazama. "Huyu ni mgonjwa?"

"Ni adabu, mama. Imezidi kidogo."

Mama akarudisha simu. "Marahaba. Kijana, nasikia unamtaka binti yangu, na unakaa mbali."

Hapo ndipo Fanuel alipojichongea. Angesema kweli, kwamba kwa barabara ya Rongo ni saa mbili tu, pengine mambo yangeisha. Lakini mwanamume akipenda huongeza chumvi hata kwenye uji.

"Shi mbali, mama! Nimeangalia kwa simu. Kutoka kiwanja cha ndege cha Homa Bay mpaka hicho chenu cha Migori ni kilomita hamshini na kitu. Ndege inachukua dakika kumi na mbili. Ukiweka chai jikoni nikiwa napanda, nitaikuta bado moto."

Nyatichi alijishika kichwa.

"Dakika kumi na mbili," mama akarudia polepole. "Haya. Njoo nayo basi. Jumapili ijayo unipigie ukiwa unapanda, niweke chai, nione. Ukinidanganya kwa dakika, utanidanganya na kwa mtoto. Ukifika chai ikiwa moto, tutazungumza mambo ya watu wazima. Kama si hivyo, usinipigie tena." Akakata.

Nyatichi alimpigia Fanuel mara hiyohiyo. "Wewe! Nani alikutuma kutaja ndege? Kuna mtu umewahi kumsikia akipanda ndege kutoka Homa Bay kuja Migori? Hata mbunge anakuja na gari!"

"Iko, jaherana. Kuna kandege kadogo kanatoka Nairobi, kanashuka hapa kwetu kwanza, halafu kanakuja huko kwenu kushusha watu, ndiyo karudi. Nimeongea nao. Watanipa kiti."

"Umewahi kupanda ndege?"

"Kwani kuna kazi gani? Unakaa tu."

Jumapili ikafika, na mvua ikaitangulia. Ilinyesha tangu jioni ya Sabato, ikapiga mabati mekundu usiku kucha, na asubuhi mawingu yalikuwa yameketi juu ya Migori kama kuku juu ya mayai. Nyatichi alivaa gauni la bluu lenye mikono mipana na viatu vya kisigino ambavyo tope lilivikaribisha vizuri. Kuku alikuwa amechinjwa. Mama Nyanchoka alivaa sare yake ya akina mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani, kwa sababu hukumu ni jambo rasmi.

Simu ikalia. "Mama, napanda! Weka chai!" Sauti ya Fanuel ilikuwa juu kuliko kawaida yake. Nyuma yake kulikuwa na ngurumo za injini, na mtu aliyekuwa akimwomba akae chini.

Mama akaweka chai. Wote wawili wakatoka uani, mama akiwa bado na mwiko mkononi, wakasimama kando ya tangi la maji la bluu wakitazama juu. Na kweli, chai haijachemka vizuri, ngurumo ikasikika upande wa Rongo.

"Inakuja," mama akasema, na Nyatichi aliona kwamba, apende asipende, mama yake amefurahi.

Ndege ikatokeza kwenye tundu la mawingu, ndogo, nyeupe, karibu kabisa. Ikachungulia kiwanja. Kiwanja kilikuwa kimejaa maji, bata walikuwa wakikitumia. Ndege ikazunguka. Ikaja mara ya pili, chini zaidi, ikapita juu ya paa la Mama Nyanchoka hata sufuria zikatikisika, kisha ikainua pua, ikapanda, ikaingia mawinguni na kwenda zake.

Walingoja. Ngurumo ikafifia, ikaisha kabisa.

"Ametuona," Mama Nyanchoka akasema. "Ametuona, akakataa."

"Mama, labda—"

"Amekuja mpaka juu ya nyumba yangu, akaangalia, akaona hatumfai."

Chai ilikuwa imepoa zamani simu ya Nyatichi ilipolia. Sauti ya Fanuel ilikuja vipande vipande, imejaa upepo na honi za magari.

"Nyatichi! Haikuwezekana... hii mvua... nimefika Nairobi! Saa hii nasuka... nasuka kwa Emmah, halafu—"

Ikakatika. Nyatichi akapiga. Mteja wa nambari hiyo hapatikani. Akapiga tena, na tena.

"Amesema nini?" mama akauliza.

Nyatichi alisimama pale na gauni lake la bluu, na maneno yakampitia akilini moja moja. Mtu huyu alikuwa amesema "nashuka" bila kosa tangu alipoipata ile *sh*, na mwalimu wake alikuwa yeye mwenyewe. Basi akisema anasuka, anasuka. Anasuka Nairobi. Kwa Emmah. Kichwa kilekile alichoapia.

"Amesema anasukwa nywele, mama. Nairobi. Na mwanamke anaitwa Emmah."

Mama Nyanchoka alichukua sufuria ya chai akaenda kuimwaga kwenye migomba. Aliporudi alisema, "Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Huyu zake zote ziko nje." Kisha akamkumbatia mtoto wake, na Nyatichi akalia kwa kwikwi kama ambavyo hakuwa amelia tangu baba yake afariki. Alimpenda yule mrefu. Alimpenda na shukari zake na shabuni zake, na sasa kulikuwa na mikono mingine kwenye kichwa chake.

Kesho yake ilikuwa Jumatatu, na fujo haikumsubiri mtu aliyevunjika moyo. Nyatichi alifungua saluni macho yamevimba. Mama alikuja naye, alisema ni kuoshwa nywele, lakini alikuja kumlinda. Akaketi chini ya draya, kofia ya plastiki ikimfunika mpaka kwenye nyusi, ikivuma. Nyatichi alichukua kikombe cha Fanuel, chupa ya mafuta yake ya nazi na taulo lake, akavitia vyote kwenye mfuko wa khaki na kuuweka mlangoni.

Basi la usiku kutoka Nairobi likaingia steji. Mlangoni pakatokea kijana mrefu. Shati lilikuwa limewahi kuwa jeupe. Kiatu kimoja kilikuwa na tope mpaka kwenye kamba, na macho yake yalikuwa mekundu kuliko mabati ya Mama Nyanchoka.

"Nyatichi."

"Mfuko wako huo hapo. Chukua uende."

"Mfuko gani? Jaherana, unajua nimetoka wapi?"

"Kwa Emmah!"

Fanuel aliduwaa. "Eeh. Umejuaje?"

Sasa wateja wawili waliokuwa kwenye benchi waliacha simu zao. Nyatichi alishika chanuo kama panga. "Anauliza nimejuaje! Amekusuka vizuri? Mikono yake milaini? Na amekupaka mafuta gani huyo Emmah wako?"

"Emmah hawezi kupaka mtu mafuta. Emmah alikufa."

Mama Nyanchoka akainua draya kidogo.

"Alikufa?"

"Kitambo sana! Emmah ni steji, Nyatichi! Kulikuwa na mama anauza chapati hapo, anaitwa Emmah, akafa, steji ikabaki na jina lake. Kila mtu Nairobi akitaka basi za huku anasuka kwa Emmah!"

"Kwa hiyo umesukwa na maiti!"

"Sijasukwa! Nimesuka! Kwa gari! Nime... nime..." Safari ilikuwa imemnyang'anya ile *sh* tangu Nairobi, na uchovu ulikuwa umeitupa dirishani mahali fulani karibu na Narok. Fanuel alifumba macho, akakusanya ulimi wake wote, akavuta pumzi. "Nime-shu-ka!"

Hata kinyozi wa ng'ambo alikuwa amepunguza redio.

"Na simu?" Nyatichi aliuliza, sauti yake imeshuka ngazi kadhaa.

"Chaji iliisha. Nilikuwa nachukua video ya safari yote, nimwonesee mama zile dakika."

"Ungeazima ya mtu."

"Namba yako siikumbuki kichwani. Nani anakumbuka namba siku hizi?"

"Za dakika za ndege si umezikumbuka!"

Fanuel alisimama tu, mikono imening'inia. Nyatichi alimtazama, na alitaka sana kumwamini, na alijiogopa kwa kutaka hivyo. "Geuka," akamwambia.

Akageuka, akapiga magoti ili amfikie. Nyatichi aliingiza vidole nyuma ya sikio la kushoto, polepole. Uzi mweusi ulikuwa pale. Fundo lake lilikuwa pale, dogo, limekaza vilevile alivyolikaza yeye, na dredi zote zilikuwa na vumbi la njia nzima ya kutoka Nairobi na hazikuwa na mkono wa mtu. Vidole vyake vikabaki humo. Hakuvitoa.

"Mjinga wewe," alisema, na machozi yakamtoka tena, ya namna nyingine. "Mjinga mkubwa. Nimelia usiku mzima kwa ajili ya muuza chapati aliyekufa."

"Pole, nyar Kisii."

"Subirini kwanza." Ilikuwa sauti kutoka chini ya draya. Mama Nyanchoka alikuwa amejitoa, nywele zimesimama pande zote. "Hayo ya Emmah nimeyasikia. Mimi nina langu. Kijana, jana ulikuja mpaka juu ya paa langu ukageuka. Uliona nini kwangu?"

Fanuel alishtuka kumwona, akataka kuamkia, akachanganya shikamoo na samahani. Mwishowe alichomeka simu yake kwenye waya wa saluni, wakangoja iamke, akampa mama.

Kwenye video, kwanza kulikuwa na mawingu matupu na sauti ya Fanuel ikisema kwa majigambo, "Mama, hizi ndizo dakika." Halafu ndege ikatumbukia shimo la hewa, na majigambo yakaisha. "Nyasaye! Nyasaye wangu!" Mtu alicheka pembeni. Kisha mawingu yakafunguka, na chini kukaonekana mabati mekundu, tangi la bluu, na kando ya tangi watu wawili wadogo kama punje za mtama, mmoja ana kitu cheupe kichwani.

"Ni mimi," mama akasema. "Ule ni mwiko wangu."

Mabati yakapita. Rubani akasema kitu kuhusu maji. Na hapo ikasikika sauti ya Fanuel, si ya majigambo tena, ikimwomba rubani: "Tafadhali. Wale pale. Wananingojea mimi. Nishushe hata kwa barabara." Ndege ikapanda. Picha ikaendelea kuonyesha mawingu, na kwa muda mrefu ilikuwa mawingu tu na mtu anayepumua kwa shida.

Mama Nyanchoka aliitazama mpaka ikaisha. Kisha akafuta kioo cha simu kwa ncha ya kitambaa chake, ingawa hakikuwa kichafu.

"Uliniona," alisema, "na hukuweza kushuka."

"Ndiyo, mama."

"Najua hali hiyo." Akamrudishia simu. "Na unamwita Mungu karibu kama sisi. Sisi tunasema Nyasae. Hiyo inaweza kurekebishwa." Akajinyoosha kitini, hukumu ikarudi mahali pake. "Kwa barabara ni muda gani? Na usinidanganye."

"Saa mbili, mama. Ukipitia Rongo."

"Na kwa ndege umetumia mchana mzima na usiku wake."

"Ndiyo, mama."

"Basi nisikilize. Binti yangu utamchukua kwa gari, na nikimhitaji utamrudisha kwa gari, kwa barabara, magurudumu yakiwa chini. Siku nitakayosikia amepanda ndege kuja kuniona, ndoa hiyo nimeivunja."

Nyatichi aliinua kichwa. "Mama. Umesema ndoa?"

"Nimesema gari," Mama Nyanchoka akajibu, akarudi chini ya draya.

Penye nia pana njia, walisema wahenga, ila hawakusema kwamba njia yenyewe inaweza kupitia Nairobi. Fanuel alikuwa bado amepiga magoti, na Nyatichi bado ana vidole kwenye nywele zake, na hakuna kati yao aliyekumbuka kwamba kuna watu kwenye benchi. Nje, makanga alikuwa akigonga bodi ya gari. "Homa Bay! Homa Bay, wa mwisho! Wewe mrefu, unaenda?"

Fanuel alitazama mlangoni. Akamtazama Nyatichi. Uso wake ukawa na haya na furaha kwa pamoja, na akajibu kwa sauti iliyofika mpaka kwa kinyozi:

"Hapana. Mimi nasuka hapa."

Alijisikia mwenyewe. Akafungua kinywa ili asahihishe, lakini Nyatichi alikuwa ameshavuta kiti na kuchomoa chanuo kichwani.

"Keti basi," akamwambia.